Masanja, Doto na Mstari wa Majivu

Tuliokuwepo msibani Lamadi, nyumbani kwa marehemu Doto, tulikuwa hawa. Kabula, mjane mwenyewe, amekaa mkekani, mgongo ukutani. Kulwa, pacha wa marehemu, yule aliyetangulia kuzaliwa na sasa ndiye aliyebaki. Limbu, ambaye zamani alikuwa kijana mwenye domo kuliko vijana wote wa Bariadi, na sasa ni mzee wa kanisa mwenye domo lilelile. Mimi Mbuke, mke wa Masanja. Marehemu hakuwa ndugu yangu wa damu wala wa ndoa, lakini nilimlilia kama tumechangia ziwa. Na wajukuu zangu wawili walionisindikiza, Sita na Ngolo. Masanja mume wangu hakuwepo, tulishamzika. Sayi karani wa mizani na fundi Nhandi nao tulishawazika. Nawataja hao wafu pamoja na walio hai kwa sababu jambo ninalotaka kuandika walilishuhudia wao pia, na kama wangekuwepo wangenikatiza kila sentensi.

Siku ya pili ya matanga, wajukuu zangu walikaa pembeni na simu yao wakibishana. Walikuwa wanawapima wachezaji wawili wa kikapu wa huko Marekani, mmoja wa zamani na mmoja wa siku hizi, nani mkubwa. "Huyo wako wa zamani alikuwa anakabwa na watu wenye vitambi!" Sita anasema. "Na wa kwako akiguswa bega anaanguka kama kapigwa na radi," Ngolo anamjibu. Limbu aliwasikia, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Mbuke, wajukuu zako wanaturudishia ugomvi wetu." Kabula alikuwa ameinamisha kichwa siku nzima. Akakiinua, akanitazama.

Habari za nilikozaliwa na za ukoo wetu siziandiki, zina mahali pake. Naandika mwaka mmoja tu, ule ambao ushirika uliacha kununua pamba peke yake na kampuni za watu binafsi zikaruhusiwa. Watu waliziita siku za ruksa. Magari ya kila rangi yaligombea pamba kijiji kwa kijiji, kuanzia Nkoma mpaka Bukundi. Sokoni Bariadi kulijaa sabuni za kunukia na marundo ya mitumba, na kwenye kibanda kimoja cha mabati jenereta ilinguruma watu wakitazama video. Mimi nilikuwa binti mbichi bado, nina mtoto mmoja, Minza. Masanja alinizidi umri sana. Alikuwa mlinzi wa jineri, yaani kiwanda cha kuchambulia pamba, na tulikaa kota ya kiwanda. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, bati juu. Sijui kama ninyi mliozaliwa chini ya bati mnaelewa. Mvua ya kwanza iliyonikuta mle ndani nilikaa katikati ya chumba nikiitazama dari, nasubiri tone. Halikuja. Nililia.

Nyuma ya jineri kulikuwa na uwanja wa kikapu uliojengwa enzi za ushirika. Fundi Nhandi alizitengeneza ringi zake kwa mikanda ya chuma ya kufungia marobota ya pamba, akaipinda kwa moto, akaipigilia kwenye mbao. Siku ringi ya kwanza ilipotundikwa, akina mama waliokuja kuuza pamba waliuliza kikapu chenyewe kiko wapi, mbona wameleta mdomo tu. Kwenye uwanja huo ndipo Masanja alipopata jina. Walimwita Korongo kwa urefu wake. Alichukuliwa kwenda kuchezea Shinyanga, ambao ndio ulikuwa mkoa wetu wakati huo, na Mwanza pia, amepanda juu ya marobota kwenye lori. Alitupa mpira kwa mikono miwili kutoka kifuani, kama mtu anayesukuma mlango mzito, na hakuruka. Wazee waliapa kwamba hakukosa. Ila walikuwa wanaapa tu, maana ringi hazikuwa na wavu. Mpira ukipita ndani na mpira ukipita pembeni vilifanana kwa aliyesimama mbali, na mechi nyingi za enzi ile ziliisha kwa mabishano.

Doto alikuja kutoka Lamadi kubeba marobota. Ukoo wao ni wavuvi. Yeye ndiye aliyeleta kipande cha wavu wa samaki akakifunga kwenye ringi ya upande wa barabara, tukausikia kwa mara ya kwanza ule mlio, fwaa, mpira unapozama. Mchezo aliujifunzia kwenye kibanda cha video. Alidundisha mpira katikati ya miguu, akajizungusha, akapaa na kuuingiza kwa mkono mmoja huku ameshika ringi, na alivaa raba za mitumba zilizomzidi mguu, ndani amejaza pamba. Hakuwa na majivuno. Kila akimkuta Masanja alisema "Shikamoo mzee," akisimama kwanza.

Kila mchana nilipikia wafanyakazi kwenye banda la mabua ubavuni mwa uwanja, mimi na Kabula, mke wa Doto, ambaye mwaka ule alikuwa na mimba ya kwanza. Tulisonga ugali wa mtama, tukaunga nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, na Kulwa akija kutoka Lamadi tulipika samaki. Vumbi la pamba lilitua kwenye kila sufuria. Wanaume walikula wakibishana jambo moja tu, na msimu ulivyozidi kushika moto ndivyo ubishi ulivyozidi.

"Masanja alikuwa anasimama kule mbali kabisa," Nhandi alisema siku moja, ameelekeza tonge uwanjani. "Anatupa, unaingia. Anapewa mbili. Leo Doto wenu akitupa kutoka palepale anapewa tatu. Mnamwibia mzee wa watu."

"Fundi, sheria ndiyo hiyo sasa," Limbu akamjibu.

"Sheria imekuja na ruksa, kama mitumba."

"Haya, na huo mpira unaosema unaingia, nani aliuona? Ringi yako ilikuwa tundu tupu. Ninyi mlikuwa mnafunga kwa kiapo!"

Banda zima likacheka, hata Masanja mwenyewe, aliyekuwa anakula amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakai. Doto hakucheka. Alisema, "Mimi sijasema lolote, jamani. Msinigombanishe na mzee."

Kicheko hakijaisha, Meneja Kileo akainama akaingia. Huyu alikuwa amekuja na kampuni mpya iliyolichukua jineri, mtu mpole, si wa huku. Akasema kampuni inapunguza watu na walinzi wote wataletwa kutoka Mwanza. Lakini mwenye kampuni anapenda kikapu, anataka timu, na ametoa nafasi moja ya mwalimu wa timu. "Nafasi hiyo inakwenda na kota moja, ile ya mwisho. Nyingine zote ni za makarani." Kota ya mwisho ndiyo tuliyokuwa tunakaa sisi. "Mimi ni mgeni," akaendelea. "Nawasikia kila siku mnabishana. Basi niambieni ninyi wenyewe, mkubwa ni nani kati ya hawa wawili? Huyo ndiye nitakayemwandikia."

Hakuna aliyetafuna. Kabula aliacha mwiko umesimama ndani ya ugali. Mimi nilikuwa nimeshika upawa, mchuzi unanidondokea mguuni, sikuusikia moto wake. Nilikuwa nafikiria Nkoma, ambako kaka zake Masanja walishagawana mashamba wakijua mwenzao ana mshahara. Kule hatukuwa na hata mahali pa kusimamisha kibanda.

Sayi karani wa mizani ndiye aliyejibu. Msimu wa pamba ukiisha Sayi alikuwa kiongozi wa ngoma, na kwa ngoma alijulikana mpaka Kiloleli. "Meneja, hawa hawapimiki kwa mdomo," alisema. "Huyu wa enzi ile, huyu wa enzi hii. Walipokuwa na nguvu sawa hawakukutana. Tukiwachezesha pamoja, kijana atamkimbiza mzee, tutakuwa tumepima miaka. Sisi kwenye mbina tunajua la kufanya." Akamweleza mbina, mashindano yetu ya ngoma. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja upande wake. Watu wanaanza wamesimama katikati, kisha miguu yao inaamua. Mwisho ukifika, upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Basi kila mmoja apewe ringi yake na mpira wake, acheze peke yake, aokote mwenyewe mpira wake.

"Na pointi?" Meneja akauliza.

"Watu ndio pointi."

"Msikilize huyu," Limbu akadakia. "Mwaka ule si uliachwa upande wako unacheza na mbwa wako tu?"

"Na yule mbwa alijua ngoma kuliko wewe," Sayi akasema. Lakini safari hii kicheko kilikuwa kidogo. Meneja akakubali. Jumapili, baada ya misa. Yeye angeamuru king'ora cha jineri kilie, na hapo ndipo watu wangehesabiwa.

Mpaka siku ile, mimi na Kabula tulikuwa tunachangia kisu, chumvi na maneno. Kuanzia hapo tukabaki na kisu na chumvi. Tuliinamia sufuria moja, tukapishana mlangoni, yeye "Samahani dada," mimi "Pita," basi. Siku moja nilisikia akizungumza na Kulwa upande wa pili wa mabua. "Chumba chetu kinavuja mpaka kitandani, shemeji," alikuwa anasema. "Nikizaa masika haya mtoto nitamlaza wapi? Juu ya sufuria?" Kulwa akamwambia, "Doto atashinda. Yule mzee ana nini tena?" Nilirudi nyuma kwa hatua ndogondogo, nikapiga sufuria kelele ili wajue nakuja.

Mzee alikuwa na goti. Masika yaliyopita Masanja alianguka kutoka kwenye lundo la marobota, na goti la kushoto halikurudi kuwa goti. Akikaa chini hakuweza kuinuka bila kushika kitu. Kuinama ndiyo kabisa. Aliyejua nilikuwa mimi peke yangu, niliyemkanda. Aliniambia, "Mama Minza, likitoka hili nje, tumekwisha." Kwa hiyo asubuhi kabla watu hawajaja nilipasha chumvi ya mawe jikoni, nikaifunga kwenye kitambaa, nikampelekea nyumbani chini ya kanga. Alhamisi ya wiki ile Kabula aliwahi. Akanikuta nimeshika kitambaa.

"Dada, hiyo chumvi ya nani?"

"Ya mgongo wangu."

Akakitazama. Kitambaa kikiwa kimekandia mahali pamoja siku nyingi kinashika umbo, na kile kilikuwa kimejikunja duara kama bakuli. Mgongo hauna duara. Kabula akaweka mkono tumboni, akatazama moto, akasema tu, "Pole." Kisha akachukua ndoo akaenda kisimani, na ndoo ilikuwa imejaa tayari. Siku zilizobaki kila Doto alipokuja kula nilimtazama machoni, nikitaka kujua kama anayatazama magoti ya mume wangu. Sikuona kitu.

Mjini nako maneno yalichemka. Masanja alikwenda Nkoma kuwaomba kaka zake wamfikirie, ikasemwa amefuata dawa. Doto alikwenda Lamadi kumwona mama yake, ikasemwa ameogeshwa ziwani. Mbina bila dawa watu wa kwetu hawaijui. Mtu hutegewa kitu uwanjani, akikikanyaga miguu inakufa. Hata mtu wa misa kila Jumapili, siku ya mbina anatazama chini anapotembea.

Jumapili watu walitoka kanisani hawakwenda makwao. Limbu alipewa kazi ya kuchora ile mistari ya pointi tatu mbele ya kila ringi. Alianza na upande wa barabara kwa chokaa iliyobaki baada ya kupaka mawe ya ofisi ya Meneja. Ikamwishia. Mstari wa upande wa jineri, ile ringi isiyo na wavu, akauchora kwa majivu aliyoyazoa jikoni kwangu. Hakufikiri lolote. Alikuwa anachora tu.

Doto akamwambia Masanja, "Mzee, chagua ringi." Moyo wangu ukamwambia achague ya wavu, maana kwenye wavu mpira unazama na kuanguka palepale chini, na kwenye tundu tupu unapita na kwenda zake mbali. Kila akifunga angelazimika kuufuata. Masanja akanyoosha mkono kwenye ringi ya zamani. "Ile. Wavu na mimi hatujuani." Wazee wakashangilia. Mimi nilitaka kumpiga.

Sayi akapuliza filimbi. Watu walijaa katikati, mimi nikiwa pembeni upande wa mume wangu, Minza mgongoni. Doto akaanza kwa kudundisha mpira taratibu, kisha akapaa, na ringi ya Nhandi ikalia kwa uzito wake, na wavu nao ukasema fwaa. Watoto wote wakakimbilia kwake. Nyuma yao vijana, nyuma ya vijana wasichana waliokuwa wanawatazama vijana. Upande wetu Masanja alisimama nje ya mstari wa majivu, katambuga za tairi miguuni, akausukuma mlango wake mzito. Mpira ukapita katikati ya tundu. Safari hii niliuona, na kila mtu mwenye macho aliuona. Ukadunda ukaenda mpaka kwenye marundo ya mbegu za pamba. Akaufuata kwa mwendo wa pole, kichwa juu.

"Mwoneni!" Nhandi akapiga kelele. "Bwana mkubwa hakimbilii mpira!"

Mimi niliona jinsi alivyouinua. Aliuviringisha kwa unyayo mpaka kwenye lundo, ukapanda kidogo, akauchukua bila kuinama. Akarudi. Akatupa. Ukaingia. Akaufuata tena. Jasho la mtu anayecheza nalijua na jasho la mtu anayeumwa nalijua.

Wazee na akina mama walianza kuja upande wetu, maana mtu asiyekosa naye anavuta. Wakafika kwenye mstari wakasimama. Bibi Nyanzobe, muuza karanga, akawarudisha wajukuu zake kwa kanga. "Msikanyage hapo! Hamuoni majivu?" Mtu akauliza majivu ya wapi. Limbu kwa upumbavu wake akajibu kwa sauti, "Ya jikoni kwa Mbuke!"

Nikasikia mwanamke nyuma yangu ananong'ona, "Kumbe mke ndiye." Macho yote yakanigeukia, kisha yakarudi kwenye majivu, na watu wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, wakielekea upande wa chokaa. Ningefanya nini? Ningeyafuta kwa mguu, wangesema nafukia dawa yangu. Ningeapa, wangesema mchawi naye huapa. Nilisimama na mtoto mgongoni. Nikamwona Meneja anatazama saa, mkono mwingine ameuinua kidogo, tayari kumpungia mtu wa king'ora. Masanja hakuwa amesikia lolote, alikuwa anautafuta mpira wake kwenye mbegu.

Hapo ndipo Doto alipotupa mpira wake kutoka mbali. Ukagonga ringi. Mimi nilikuwa upande mwingine, watu wamenizuia, niliusikia tu ukilia ngo. Kisha watu wakaachana, na mpira ukatokea katikati yao ukibingirika kuja kwetu, ukapita juu ya majivu, ukasimama karibu na Masanja. Doto akaufuata. Kwenye mstari akasimama. Akatazama chini. Akaweka raba yake juu ya majivu, akageuza kisigino kama mtu anayezima sigara, akapita. Vumbi la kijivu likainuka likatua. Miguu yake haikufa.

Mpira wake aliuacha palepale ulipolala. Masanja alitupa wake, na kwa mara ya kwanza siku ile akakosa. Mpira ukaangukia upande, Doto akaudaka akampa.

"Rudi kwako, kijana," Masanja akamwambia.

"Nitarudi, mzee. Tupa."

Akatupa, ukaingia, Doto akaukimbilia kwenye mbegu, akampa tena. Na tena. Nakumbuka kitu kimoja ambacho wakati ule sikukielewa. Kila pasi ilimfikia mume wangu upande wa kulia, usawa wa kifua, hata pale ambapo kwa Doto ingekuwa rahisi kuupitisha kushoto. Masanja hakuhitaji kuinama wala kugeukia ule mguu. Watoto waliomfuata Doto walivuka majivu kwanza. Wakaja vijana, wakaja wasichana, na bibi Nyanzobe na karanga zake. King'ora kilipolia, kule kwenye wavu alibaki Kabula peke yake, ameshika tumbo.

"Upande wa jineri!" Sayi akatangaza.

"Haiwezekani!" Limbu akaruka. "Doto alikuja kuokota mpira tu!"

"Anayekuja kuokota mpira hurudi nao," Sayi akamjibu.

Wakamgeukia Doto. Akapangusa raba zake. "Mlishasema watu ndio pointi," alisema. "Watu si hawa hapa?" Meneja Kileo akainua mabega, akaenda kuandika.

Tukabaki kwenye kota. Masanja alifundisha timu akiwa amekaa juu ya kreti ya soda, anafoka, na kila mtu alidhani ndiyo tabia ya walimu. Wanangu wote waliofuata baada ya Minza niliwazalia kwenye saruji ile. Doto na Kabula waliondoka kwenda Lamadi kabla ya mvua. Siku ya kuondoka Kabula alikuja kunirudishia kisu. Nikamwambia akichukue, akakataa, nikakataa, mwisho tukakiacha juu ya figa. Doto hakucheza tena kwa jina kubwa, ingawa wako watu wa Busega wanaoapa hakuna aliyemfikia. Kila msimu wa pamba alitupitia na sato. Waliketi na Masanja wakila, wakizungumza mvua, bei, watoto. Mara moja tu nikiwa mlangoni nilimsikia mume wangu akianza, "Doto, siku ile..." na Doto akamkata, "Mzee, samaki anapoa." Masanja alikufa hajajibiwa.

Basi siku ile ya matanga, baada ya wajukuu kubishana, Kabula aliniita tukaoshe sufuria. Tuliinama pamoja kama zamani, ila sasa wote wawili tunaguna kwa magoti. Akasema bila kuniangalia, "Dada, mimi nilimwambia. Siku ileile ya chumvi. Nilimwambia ili ashinde. Nilimwambia mkimbize, mzee hana mguu, nyumba ni yetu."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, goti lipi, la kulia au la kushoto?"

Sufuria ilinitoka mkononi. Kulwa aliyekuwa anapita na kuni akasimama, akasikia tunazungumza nini, akatikisa kichwa. "Shemeji, msimfanye ndugu yangu malaika. Mimi nilisimama karibu. Mpira uligonga ringi ukambingirikia mzee. Doto alikwenda kuuchukua, akaona mzee anatupa, akasahau. Alikuwa hivyo. Akiona mtu anatupa vizuri anasahau alikotoka." Na Limbu akasema kutoka kwenye mkeka kwamba yeye aliona Doto akiusukuma mpira kwa mguu, wazi kabisa. Lakini nilipombana akakiri kwamba wakati ule alikuwa ananitazama mimi na majivu yangu, kama wengine wote.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, kwa elimu yangu ya darasa la nne, na majina sijayabahatisha. Mahali pamoja tu ndipo sikuwa na macho. Nilikuwa upande wa jineri, nimezuiwa na watu, na nimekaa kwenye nyumba ile miaka yote tangu siku ile bila kujua. Kama wewe ulikuwepo, au mama yako alikuwepo na aliwahi kusimulia, na alisimama upande wa barabara karibu na ule wavu, njoo unisahihishe. Nipo Bariadi, ukiuliza mke wa Korongo utaonyeshwa. Niambie ule mpira ulikuja wenyewe, au Doto aliuleta.